Nilivyofundishwa kupika fashirka na bawabu wa Bratislava

Wahenga walinena kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Methali hiyo niliisoma shuleni Mombasa, nikaitungia sentensi, nikapata alama zangu, wala sikudhani kwamba ingekuja siku ya kunisimamia mbele kama askari wa barabarani na kunitaka nijibu. Siku hiyo ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa Oktoba, mwaka wa 1985, mjini Bratislava, katika nchi ambayo wakati huo iliitwa Chekoslovakia. Jicho nililotakiwa kulivunja lilikuwa sahani ya nyama.

Nataka kukusimulia, mpenzi msomaji, habari za chakula hicho na jinsi kinavyopikwa, maana hadi leo hupikwa nyumbani kwangu na watoto wangu hukigombania. Waslovakia hukiita fašírka. Nasi kwa ulimi wetu tuseme fashirka. Ni nyama iliyosagwa, ikachanganywa na mkate uliorowekwa, yai, vitunguu na viungo, ikafinyangwa vibonge bapa vyenye unene wa vidole viwili, ikagaragazwa katika chenga za mkate mkavu, kisha ikakaangwa hadi ikawa na rangi ya dhahabu. Sidhani kuna jiko la Kislovakia lisilokijua. Hupikwa siku yoyote ya juma, huliwa moto pamoja na viazi vya kuponda na matango ya siki, na kinachobaki huliwa kesho yake kikiwa baridi, kimebanwa ndani ya mkate, kazini au safarini ndani ya garimoshi.

Jambo moja ni lazima nilitaje mapema. Fashirka ya asili hutengenezwa kwa nyama ya nguruwe, au nguruwe aliyechanganywa na ng'ombe, na zamani ilikaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Mimi ni mtoto wa Mombasa na Mwislamu. Hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia.

BAWABU WA BWENI

Vijana wa Kiafrika walianza kwenda kusoma nchi ile katika miaka ya sitini. Mjini Prague kulikuwa na Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kilichofunguliwa mwaka wa 1961 kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni hasa, na kikafungwa mwaka wa 1974. Sisi wa miaka ya themanini tulikuta mambo yamebadilika: ulijifunza lugha mwaka mzima, kisha ukatiwa darasani pamoja na wenyeji, ukajitegemea. Nilifika mwaka wa 1983 kusomea uhandisi wa mitambo, na malazi yangu yakawa katika mabweni ya wanafunzi ya Mlynská dolina, bonde lililo upande wa magharibi wa mji wa Bratislava.

Mlangoni mwa bweni letu alikaa bawabu, mwanamke mjane mwenye umri wa miaka sitini na kitu, aliyekwisha kustaafu kazi ya kiwandani na sasa akitunza funguo za vyumba. Sote tulimwita teta. Neno hilo maana yake ni shangazi au mama mdogo, lakini vijana wa kule humwita hivyo mwanamke yeyote wa makamo wanayemheshimu, kama vile sisi tunavyomwita mama mtu ambaye hakutuzaa. Teta alijua nani ana mtihani, nani hana koti zito la baridi, na nani ameacha kupata barua kutoka kwao. Mimi niliacha kupata barua kwa miezi miwili, naye akaligundua hilo kabla sijamwambia mtu. Basi akanialika nyumbani kwake chakula cha mchana.

Alikuwa akiishi Petržalka, ng'ambo ya mto Danube, katika majumba yale marefu ya zege yaliyoanza kujengwa miaka ya sabini. Nilivua viatu mlangoni bila kuambiwa, kama tufanyavyo kwetu, naye akafurahi sana, kwa sababu hiyo pia ni desturi yao. Akanipa kandambili za sufu. Tukanywa mchuzi wa kuku wenye tambi. Kisha akaileta sahani yenyewe: fashirka nane, moto, zenye gamba la dhahabu, na harufu ya kitunguu thomu iliyoijaza nyumba nzima.

Nikamwuliza ni nyama gani. "Ni ya nguruwe, mwanangu," akajibu kwa fahari, "na nimeikaanga kwa mafuta safi yaliyotoka kijijini."

Hapo, msomaji, ulikuwa wakati wa kusema kweli. Ningeweza kumwambia kwa adabu kwamba dini yangu hainiruhusu. Lakini niliutazama uso wa yule mama, nikaitazama ile meza aliyoitandika kitambaa cha sherehe, nikaona haya. Nikasema tumbo linaniuma.

Teta hakuuliza mara mbili. Alinichemshia maji ya maua ya kamomili, dawa ambayo mama wa Kislovakia huiamini kwa kila ugonjwa wa tumbo, akanilaza kwenye kochi, na nilipoondoka akanifungia zile fashirka katika karatasi ili nile nikipona.

NJIA YA MWONGO

Njia ya mwongo ni fupi. Usiku ule nilimpa mwenzangu wa chumbani fashirka zote nane. Alikuwa Mslovakia, kijana mwenye njaa isiyokwisha, akazimaliza akiwa amesimama. Asubuhi, alipokuwa akichukua ufunguo, akamshukuru teta kwa sauti kubwa na kumwambia kwamba hajala fashirka kama zile tangu alipoondoka kwa mama yake.

Juma zima teta hakunisemesha. Alinipa ufunguo bila kuinua macho. Mimi nilidhani amekasirishwa na uongo wangu, kumbe nilikosea. Siku ya saba nilijikaza, nikaketi kwenye kiti kilichokuwa kando ya dirisha lake, nikamweleza yote: mimi ni nani, nguruwe kwetu ni nini, na kwamba haya ndiyo iliyonifanya niseme uongo.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Ungesema. Mimi nilidhani umekiona chakula changu kichafu."

Maneno hayo yalinichoma kuliko ambavyo angenitukana. Nilijiona mstaarabu kwa kuficha ukweli, kumbe uficho wangu ndio uliomvunjia heshima. Mtu akikupa chakula chake amekupa siri ya nyumba yake. Ukikikataa kwa sababu anayoijua, hujamdhuru, bali ukikikataa kwa hila unamwachia kazi ya kutafuta sababu mwenyewe, na daima ataipata iliyo mbaya zaidi.

Alipomaliza kupangusa macho, teta aliuliza swali la mpishi: "Basi wewe unakula nini?" Nikamwambia kwamba bwenini niliishi kwa mayai, samaki, viazi, na jibini ile wanayoitia unga, yai na chenga za mkate na kuikaanga. Nyama nilile mnyama aliyehalalishwa kwetu, akichinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu.

"Achinjwe na nani?"

"Na Mwislamu. Hata mimi naweza."

Akafikiri kidogo, kisha akaniambia, "Kaka yangu kijijini ana bata mzinga."

KISU CHA KIJIJINI

Jumamosi ya kwanza ya Novemba tulipanda basi hadi kijiji kimoja karibu na mji wa Nitra. Kaka yake teta alitungoja uani na kisu alichokwisha kukinoa. Huyu alikuwa mtu wa kuchinja. Kila mwaka majira ya baridi, familia za vijijini huchinja nguruwe kwa sherehe ambayo huwakusanya jamaa na majirani tangu alfajiri, wakatengeneza soseji, wakayeyusha mafuta, wakagawiana vyakula. Kwake yeye, mwanamume mwenye miaka ishirini na mbili ambaye hajawahi kuchinja alikuwa kioja.

Nami kwa hakika sikuwa nimewahi. Nyumbani kazi hiyo ilifanywa na baba au na jirani. Mimi nilishika miguu. Nikajaribu kukumbuka kila nililoliona utotoni: kisu kikali, mnyama asikione kisu, uelekeo wa kibla. Kibla tulikitafuta kwa kulitazama jua, maana kutoka kule Makka iko kusini mashariki. Mzee yule akamshika ndege. Nikatamka jina la Mwenyezi Mungu, na papo hapo nikamwona mzee amevua kofia yake na kupiga ishara ya msalaba. Kila mmoja wetu alikuwa akisema na Mungu kwa lugha yake juu ya bata mzinga mmoja. Mkono wangu, uliokuwa ukitetemeka, ukatulia.

SOMO LA MKATE

Kesho yake nikaingia jikoni mwa teta. Hili nalo lilikuwa jambo geni kwangu. Mvulana wa Mombasa ya siku zile hakuwa na kazi jikoni. Mama alikuwa akinifukuza kwa mwiko. Teta alinifunga aproni na kunipa mpini wa mashine ya kusagia nyama.

Alikuwa ameichemsha mashine ile mara mbili mbele yangu, chuma baada ya chuma, na kikaango alikuwa amenunua kipya, pamoja na chupa ya mafuta ya alizeti. Mashine ilikuwa ya chuma kilichopakwa bati, yenye jina la Porkert, kiwanda cha Bohemia ambacho mashine zake zilikuwa zimefungwa kwenye meza nyingi za nchi ile. Unaibana kwenye ukingo wa meza kwa parafujo, unatia vipande vya nyama juu, unazungusha mpini, na nyama inatoka mbele kama nyuzi.

Nilipokwisha kusaga kilo moja hivi, nikamwona teta anachukua mikate midogo ya juzi, ile mirefu mfano wa kidole waiitayo rožok, anairoweka katika maziwa. Nikamzuia. Nilikuwa na kiburi cha yule ndege niliyemchinja mwenyewe. Nikasema, "Teta, nyama ipo ya kutosha. Ya nini kuichanganya na mkate?" Kisirisiri nilikuwa nikiukumbuka mzaha wa wanafunzi, kwamba fashirka ya mkahawa wa chuo ni mkate uliopita karibu na nyama.

Hakubishana nami. Akanitengea nyama kidogo kando, akanitilia chumvi, yai na vitunguu, akasema, "Tengeneza zako mbili bila mkate. Mimi nitatengeneza zangu."

Tukakaanga pamoja, katika kikaango kimoja. Zangu zilianza kujikunja zingali motoni. Zilinywea, zikatoa maji yao yote ndani ya mafuta, na gamba likabanduka. Nilipoikata moja ilikuwa kavu na ngumu kama kisigino. Ya teta ilikuwa laini, na ilipokatwa ilitoa mvuke na mchuzi.

Ndipo aliponieleza kazi ya mkate. Nyama ikipata moto hujikaza na kuyakamua maji yake, kama mtu akamuavyo nguo. Mkate uliolowa hukaa katikati ya nyuzi za nyama, ukazizuia zisishikane kupita kiasi, na ukayanywa yale maji yasipotee. Mkate wa jana au juzi ndio bora, maana mbichi hugeuka uji. Na mkate ulio mkavu kabisa ndio unaosagwa kuwa chenga za nje, wanazoziita strúhanka. Kwa hiyo fashirka ina mkate ndani na mkate nje, na yote miwili ni mikate ambayo mtu mwingine angeitupa. Teta alikuwa na mfuko wa kitambaa nyuma ya mlango, ambamo kila kipande kilichobaki kiliingia. Katika nchi yao mgeni wa heshima hupokewa kwa mkate na chumvi. Mkate ukianguka chini, wazee wa rika lake waliuokota na kuubusu.

Kisha akanisimulia habari ambayo sijaisahau. Alikulia katika shida za miaka ya thelathini, baba yake akiwa amekwenda Ufaransa kutafuta kazi, kama walivyofanya Waslovakia wengi wa wakati ule. Nyumbani walikuwa watoto sita. Nyama ikipikwa vipande, wakubwa walipata mnofu na wadogo mfupa, na mlo ukaisha kwa kilio. Basi mama yake akaacha kupika vipande. Nyama kidogo iliyopatikana aliisaga na mkate, akaifinyanga, kila kibonge sawa na mwenziwe. "Fashirka haina mfupa wala mnofu," teta akasema. "Kila mtu ana yake nzima. Hakuna anayekula kilichobaki."

Na mama yule alifinyanga moja zaidi ya idadi ya watu. Huenda mtu akaja. Niliielewa vizuri zaidi desturi hiyo mwezi uliofuata, usiku wa kuamkia Krismasi, nilipoona kwamba Waslovakia wengi huweka mezani sahani moja zaidi kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Meza ya teta mwaka ule haikuwa na sahani tupu, kwani mgeni mwenyewe nilikuwapo.

JINA NA JAMAA ZAKE

Usidhani, msomaji, kwamba chakula hiki kimezaliwa peke yake. Jina fašírka limetokana na neno la Kijerumani cha Austria, faschieren, yaani kusaga nyama, nalo limetoka Ufaransa, ambako farce ni kitu cha kujazia ndani ya chakula. Ardhi ya Waslovakia ilikuwa sehemu ya ufalme wa Hungaria hadi mwaka wa 1918, chini ya wafalme wa Vienna, na majiko ya himaya ile yaliazimana vyungu. Wahungaria wana fasírt, Wacheki wana karbanátek, Waaustria wana faschierte Laibchen, na Wapolandi wana kotlet mielony. Kila mmoja atakuapia kwamba ya kwao ndiyo ya asili.

Inayoitambulisha ya Kislovakia puani ni kitunguu thomu kwa wingi pamoja na jani moja kavu waliitalo majoránka, ambalo ni jamaa ya rehani. Hufikichwa viganjani kabla ya kutiwa ili litoe harufu. Wala usiichanganye fashirka na ndugu yake wa siku za Jumapili, ambaye ni mnofu mzima uliopondwa ukawa mwembamba, kisha ukapitishwa katika unga, yai na chenga. Huyo ndiye huvaa nguo tatu. Fashirka huvaa moja tu, ya chenga, kwa kuwa yai lake limekwisha kuingia ndani.

NAMNA YA KUPIKA

Haya ndiyo mahitaji ya fashirka kumi, kama ninavyozipika mimi kwa nyama ya ng'ombe:

Nyama ya kusaga nusu kilo, isiyokosa mafuta kidogo
Slesi tatu za mkate wa jana
Maziwa nusu kikombe
Yai moja
Kitunguu maji kimoja kikubwa
Thomu punje nne
Majani makavu ya majoránka, kijiko kimoja cha chai
Pilipili nyekundu ya unga isiyo kali, kijiko kimoja cha chai
Pilipili manga nusu kijiko cha chai
Chumvi kijiko kimoja cha chai
Chenga za mkate mkavu kikombe kimoja na nusu
Mafuta ya kukaangia

Kwanza roweka mkate ndani ya maziwa kwa dakika kumi, kisha uukamue kwa mkono na kuuvurugavuruga. Kitunguu maji kikate kidogo kidogo, ukikaange kwa mafuta kidogo mpaka kilainike, ukiache kipoe. Thomu itwange pamoja na chumvi. Changanya vyote na nyama, yai na viungo, ukande kwa mkono kama unavyokanda unga, mpaka uone mchanganyiko unashikamana na kunata kwenye vidole. Ukiwa mwepesi sana, ongeza chenga kijiko kimoja au viwili. Kama unatumia nyama ya kuku au bata mzinga, tia kijiko kimoja cha mafuta ndani, kwa kuwa nyama hizo ni kavu.

Uache mchanganyiko upumzike nusu saa mahali pa baridi. Mwanafunzi asiye na subira hukosea hapa. Mkate unahitaji muda wa kunywa, na viungo vinahitaji muda wa kujuana. Baada ya hapo kaanga kipande kidogo mfano wa kokwa ya tende, ukionje. Chumvi ikiwa haitoshi, bado una nafasi ya kuongeza.

Lowesha mikono maji, ufinyange madonge yenye ukubwa wa limau, uyabonyeze yawe bapa. Yagaragaze katika chenga pande zote, ukizigandamiza kidogo kwa kiganja. Weka mafuta ndani ya kikaango yafike nusu ya unene wa fashirka. Moto uwe wa wastani. Tupia chenga moja ndani ya mafuta: ikitulia chini, mafuta ni baridi, ikiungua mara moja, yamezidi moto, ikichezacheza na povu pembeni, hapo ndipo. Kaanga dakika nne au tano kila upande na usigeuzegeuze. Moto mkali huunguza chenga nje huku ndani nyama ikiwa mbichi, na hakuna aibu ya mpishi kubwa kuliko hiyo. Kata moja uhakikishe ndani hakuna wekundu.

Zikiiva, zipange juu ya karatasi moja moja, wala usizipandanishe zikiwa moto, kwani mvuke wa ya chini hulainisha gamba la ya juu. Andaa na viazi vilivyopondwa kwa siagi na maziwa, tango la siki, na haradali ya kuchovea. Kule huzila pia na dengu zilizopikwa nzito.

ZILIPOFIKA MOMBASA

Niliondoka Bratislava mwezi wa Julai mwaka wa 1989, miezi minne kabla ya maandamano ya Novemba yaliyoiangusha serikali ya wakati ule. Tarehe 1 Januari, 1993, Chekoslovakia yenyewe ikagawanyika, na nchi ya teta ikawa Slovakia. Siku ya kuagana teta aliifungua ile mashine kutoka kwenye meza yake, akaifunga katika gazeti, akanikabidhi. Nilikataa, akasema mkono wake umechoka kuzungusha. Uwanja wa ndege afisa wa forodha aliitilia shaka ile chuma nzito, akanitaka niiunge mbele yake. Nikaiunga. Akazungusha mpini mara mbili hewani, akacheka, akanipisha.

Juma la kwanza nyumbani nikaomba jiko. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akinitazama ninavyoroweka mkate, ninavyotwanga thomu, ninavyokanda. Sikumaliza hata kufinyanga. "Miaka sita Ulaya, mwanangu," akasema, "ndiyo ukasomee kababu?"

Nilicheka, kisha nikafikiri. Kweli kababu zetu zina mkate uliorowekwa, yai na thomu. Tofauti ni tangawizi, dania na pilipili, na kwamba hazivikwi chenga. Katlesi zetu nazo huchovywa yai na kuvikwa. Tofauti ni kwamba sisi kiazi tumekitia ndani, na wao wamekiweka kando ya sahani. Nilimwuliza mama kwa nini hutia mkate katika kababu. Akanijibu bila kufikiri, "Si zizidi? Mwezi wa Ramadhani hujui nani atabisha hodi."

Basi kumbe wanawake wawili ambao hawakupata kuonana, mmoja hajui bahari na mwingine hajui theluji, walikuwa wamefikia hesabu moja.

Kwa miaka kadhaa teta na mimi tuliandikiana barua. Kila barua yake ilimalizia kwa swali lile lile: je, mashine ingali ikizunguka? Barua ya mwisho niliipata mwaka wa 1996, mwandiko umelegea, na ile niliyojibu haikupata jibu. Mashine ingali inazunguka. Bati limebanduka hapa na pale na mpini nimeubadilisha mara moja, lakini kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi huibana kwenye meza, na binti yangu mdogo hupanda kigoda ili aushike mpini.

Humwambia ahesabu watu waliomo nyumbani. Akishanitajia idadi, humwambia aongeze moja.

Nawe msomaji, ukizijaribu, usione haya kutia mkate. Na ukialikwa mahali ambapo huwezi kula ulichowekewa, sema mapema na useme kweli. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na aliyekupikia kwa moyo, ukimweleza, atatafuta njia.